Nani Anamsemea Xi? Ishara, Kimya na Vikwazo vya Mawasiliano katika Filamu The Gods Must Be Crazy

1. Utangulizi

Filamu ya vichekesho The Gods Must Be Crazy, iliyotungwa na kuongozwa na Jamie Uys wa Afrika Kusini, ilitolewa mwaka 1980. Katika nchi zinazotumia Kifaransa, Kongo ikiwa mojawapo, inajulikana zaidi kwa jina la Les dieux sont tombés sur la tête. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa miongoni mwa filamu za kigeni zilizopata watazamaji wengi kabisa huko Marekani. Kuna walioisifu kwa kicheko chake chepesi, ambacho mzee na mtoto wanaweza kukishiriki pamoja. Kuna pia walioilaumu kwamba inaifunika kwa kicheko nchi iliyokuwa chini ya sheria za ubaguzi wa rangi. Katika makala haya tunakusudia kuitazama kwa jicho la mwanafunzi wa lugha, tukiuliza jinsi watu wa filamu hiyo wanavyopashana habari bila maneno, na mahali mawasiliano yao yanapokwama.

Swali hilo si dogo. Filamu nzima imejengwa juu ya kutoelewana: mtu na kitu, mtu na mnyama, mwanamume na mwanamke, mshtakiwa na hakimu. Ukiondoa kutoelewana, hadithi haipo na kicheko hakipo. Rai yetu ni kwamba filamu hii ina vikwazo vya namna mbili. Vya kwanza vimo ndani ya hadithi. Watazamaji wanaviona, wanavicheka, na mara nyingi wahusika wenyewe wanavivuka. Cha pili kimo katika namna ya kusimulia, yaani katika sauti inayomsemea mhusika mkuu ilhali mwenyewe yupo na anasema. Kikwazo hiki hakichekwi, kwa sababu hakionekani. Tutajaribu kuonyesha kwamba ndicho kizito zaidi.

2. Hadithi kwa ufupi

Xi, anayeigizwa na N!xau, anaishi na jamaa zake katika jangwa la Kalahari. Siku moja rubani wa ndege ndogo anatupa chini chupa tupu ya Coca-Cola. Jamaa wanaiokota, wanaiona kuwa zawadi ya miungu, na wanaipatia kazi nyingi. Lakini chupa ni moja na wanaoitaka ni wengi. Inazaa wivu na ugomvi, hata mmoja anampiga mwenziwe nayo. Xi anaamua kuipeleka mpaka mwisho wa dunia akaitupe huko.

Njiani anakutana na hadithi nyingine mbili. Ya kwanza ni ya Andrew Steyn, mtaalamu wa elimu ya wanyama, na Kate Thompson, mwandishi wa habari aliyeacha kazi ya mjini ili afundishe shule ya kijijini. Ya pili ni ya Sam Boga na waasi wake, ambao mwishoni wanamteka Kate pamoja na wanafunzi wake. Xi mwenyewe anakamatwa kwa kumpiga mshale mbuzi wa watu, anahukumiwa, anafungwa, kisha anatolewa ili awe mfuatiliaji wa nyayo katika kazi ya Steyn. Anasaidia kuwaokoa mateka, anapokea ujira wa noti asizozijua na kuziacha chini, halafu anafika kwenye genge refu lililofunikwa na mawingu na kuitupa chupa yake. Mahali hapo palipigiwa picha God's Window, katika jimbo ambalo leo linaitwa Mpumalanga.

3. Chupa: ishara isiyo na mtumaji

Tunapofundisha mawasiliano huwa tunataja mtumaji, ujumbe na mpokeaji. Chupa ya Uys inavunja mpango huo kwa namna ya kuchekesha. Rubani hakumtumia mtu yeyote kitu chochote, alitupa taka. Hata hivyo chini kuna wapokeaji, na wapokeaji hawa wanafanya lile ambalo kila binadamu hulifanya akikuta kitu asichokitarajia: wanatafuta nia nyuma yake. Kitu kimetoka juu, juu kuna miungu, basi miungu wamekileta. Hoja yao haina kasoro. Kinachokosekana ni habari moja tu.

Msomaji atambue kwamba Xi haishii kupokea. Ugomvi ulipozidi, anaitupa chupa juu angani ili wenyewe waichukue, nayo inamrudia. Huyo ni mtu anayejibu barua. Anaamini kuwa mawasiliano yana pande mbili, na kwamba aliyetuma lazima awe na masikio. Mbingu inapokaa kimya, anaifukia chupa ardhini; na hilo lisipofaa, ndipo anapoanza safari. Safari yote ya filamu ni jaribio la mtu mmoja kumfikishia mtumaji ujumbe wake, na mtumaji hayupo. Hapa mtunzi amefanya kazi nzuri. Kicheko chetu hakimdhalilishi Xi, kwa maana tunamwona akifikiri, tunaifuata hoja yake hatua kwa hatua, na tunajua kwamba sisi wenyewe tungekuwa jangwani bila kuijua ndege, tungefika hapo hapo.

4. Mwili unaposema

Upande wa Steyn na Kate unatupa funzo lililo kinyume. Wawili hawa wana lugha moja, elimu inayokaribiana na desturi zinazofanana. Kwa kawaida tungedhani kwamba hapana kikwazo kati yao. Kumbe Steyn akiwa mbele ya mwanamke mwili wake unamwasi: ulimi unakwama, mikono inaangusha vyombo, miguu inajikwaa. Kila anachokitenda kwa wema kinaonekana kuwa utovu wa adabu. Mtoni anataka kumsaidia Kate, naye Kate anamdhania vingine. Usiku kifaru anatokea na kuukanyaga moto mpaka uzimike. Steyn anaeleza yaliyotokea, na Kate haamini hata neno moja, kwa kuwa ameshamsoma mtu huyu kwa matendo yake na kumwona kuwa si wa kuaminika.

Mwaka 1959 mtaalamu wa Marekani Edward T. Hall alitoa kitabu chake The Silent Language, ambamo alieleza kwamba wakati, nafasi na miendo ya mwili ni lugha inayosema hata pale mdomo unapofumbwa. Waswahili hawakumngoja Hall ili walijue hilo. Lugha yetu ina msamiati mpana wa mambo hayo: kukonyeza, kukunja uso, kukodoa macho, kubetua midomo, kusonya, kutikisa kichwa, kupiga kite, kuinamisha macho. Na kila neno katika hayo lina hukumu ndani yake. Mtoto anayeinamisha macho mbele ya mzazi ana heshima. Mshtakiwa anayeinamisha macho mbele ya hakimu wa kigeni huenda akaonekana kuwa anaficha jambo. Mwendo ni mmoja, maana ni mbili, na anayeumia ni mwenye mwendo.

Ndiyo sababu mkutano wa Xi na Kate ni mojawapo ya sehemu bora za filamu. Xi anamdhania mwanamke huyu kuwa mmoja wa miungu na anataka kumrudishia chupa. Kate haelewi anachoambiwa. Wakati huohuo tunaelezwa jinsi Xi anavyomwona: rangi yake imepauka, nywele zake ni za kutisha kama za kikongwe, na ukubwa wa mwili wake ungemchosha mtu kumtafutia chakula. Mwanamke ambaye sinema imemchagua awe mrembo wa hadithi anageuzwa kuwa kiumbe cha kuhurumiwa. Hapo vioo vinageuzwa. Mtazamaji aliyezoea kutazama anajikuta anatazamwa, na kipimo cha uzuri alichokidhania kuwa cha dunia nzima kinaonekana kuwa cha kwao tu. Mgeni ni kuku mweupe, husema wahenga. Filamu imeuliza kwa dakika chache ni nani kati yao aliye kuku huyo.

Tofauti moja lakini tuiweke akilini, kwani tutairudia. Steyn anapoeleweka vibaya, ana nafasi ya kujieleza kwa kinywa chake. Anajieleza kwa M'pudi, anajieleza kwa Kate, na mwishoni Kate anamwelewa na kumpenda pamoja na vyombo vyake vilivyoanguka. Kikwazo chao kinavukwa na wao wenyewe. Mawazo ya Xi kuhusu Kate hatukuyapata kwake.

5. Mlio au konsonanti?

N!xau alikuwa mtu wa jamii ya Ju/'hoansi, na katika filamu anasema lugha ya kwao. Alama zinazoonekana katika majina haya, mkwaju na alama ya mshangao, si mapambo. Kila moja inawakilisha konsonanti inayotamkwa kwa kuvuta ulimi kutoka kwenye meno au kwenye kaakaa. Lugha hiyo inatofautisha mahali panne pa kutamkia konsonanti za namna hiyo, inaongeza juu yake namna mbalimbali za pumzi na za koo, na zaidi ya hayo inatumia toni. Kwa mpango wa sauti, ni miongoni mwa lugha zenye utajiri mkubwa kabisa duniani.

Sasa tumfikirie mtazamaji anayesema Kiswahili. Yeye pia anaujua mlio wa ulimi kwenye meno, lakini kwake mlio huo uko nje ya lugha. Anausikia mtu anaposonya kwa dharau au kwa uchungu, au mchungaji anapomhimiza mnyama. Ni ishara, haina nafasi katika alfabeti. Mfaransa na Mwingereza nao wako vivyo hivyo. Kwa hiyo Xi anapofungua kinywa, sikio la mtazamaji linaziweka konsonanti zake katika fungu la ishara. Maneno yanasikika kama milio, na msemaji mwenye sarufi nzito anaonekana kama mtu ambaye bado hajaanza kusema. Katika kumbi nyingi kicheko huanza hapo, kabla ya kitendo chochote cha kuchekesha.

Hiki ni kikwazo cha sikio, na elimu ndogo tu inatosha kukiondoa. Wasemaji wa Kiswahili wangepaswa kuwa wa kwanza kukiondoa, maana lugha za namna hiyo ni jirani zao wa siku nyingi. Wasandawe wa Kondoa na Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi, huko Tanzania, wana konsonanti hizo katika lugha zao. Wadahalo, wanaoishi karibu na mwambao wa kaskazini wa Kenya, wanazo katika sehemu ya maneno yao. Kusini, Kizulu na Kixhosa vinasemwa na mamilioni ya watu, navyo ni lugha za Kibantu kama Kiswahili. Filamu ya Uys ingeweza kumsaidia mtazamaji kwa jambo moja rahisi: kuandika chini ya picha tafsiri ya anayoyasema Xi. Mara tu maana inapoonekana, mlio hugeuka kuwa neno. Mtunzi hakuchagua njia hiyo.

6. Sauti isiyo na uso

Alichochagua ni msimulizi. Tangu mwanzo wa filamu tunasikia sauti ya mwanamume mtulivu, mwenye lafudhi ya msomi, anayetueleza habari za jangwa na watu wake kama katika filamu za elimu kuhusu wanyama. Sauti hiyo haina uso na haina jina katika hadithi. Xi anaposema na jamaa zake, sauti yake inapunguzwa na msimulizi anatuambia alichosema, alichofikiri, na alichokiamini. Anaposema na miungu, msimulizi anatuambia sala yake. Hatuna njia yoyote ya kuhakikisha kama maneno ya msimulizi ndiyo maneno ya N!xau. Inaweza kuwa ni yenyewe; inaweza kuwa ni mengine kabisa. Kwa mtazamaji asiyeijua lugha ile, hali hizo mbili hazina tofauti.

Msimulizi anasema mambo makubwa. Anasema kwamba watu hawa hawana uhalifu, hawana adhabu, hawana wakubwa, hawana ugomvi, na hawana hisia ya kumiliki kitu. Hadithi yote inasimama juu ya dai hilo la mwisho: ndiyo sababu chupa moja inawaharibia maisha, na ndiyo sababu Xi anamchukua mbuzi wa mwenyewe bila kujua kwamba ana mwenyewe.

Tuuweke ukweli kando ya dai hilo. Lorna Marshall, aliyefanya utafiti Nyae Nyae tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kutoa kitabu mwaka 1976, ameeleza kwamba nyama ya windo kubwa ina mwenyewe: ni yule ambaye mshale wake ulikuwa wa kwanza kumpata mnyama sawasawa. Mwenye mshale ndiye mwenye nyama, na ndiye mwenye wajibu wa kuigawa. Mshale wenyewe huenda alipewa na mtu mwingine, na hapo haki inarudi kwa yule aliyeutoa. Ardhi nayo imegawanyika katika maeneo yanayoitwa n!ore, na kila n!ore ina wenyewe, ambao lugha inawaita kwa neno kxao. Mgeni huomba kabla ya kunywa maji au kuchuma. Basi neno la umiliki lipo, na sheria ya umiliki ipo, tena ni sheria yenye matawi. Mtu wa Ju/'hoansi anayemkuta mnyama asiyejua ni wa nani, katika ardhi asiyojua ni ya nani, angekuwa na maswali mengi ya kuuliza kabla ya kuvuta upinde. Mtu aliyeonyeshwa na filamu hana swali hata moja.

Juu ya hayo kuna kosa la nadharia, na hili linawahusu sana wasomi wa lugha. Ni kosa la kudhani kwamba lugha isiyo na neno fulani haina wazo lake. Kiswahili kina neno ndugu, lisilotofautisha wa kiume na wa kike. Nani atasema kwamba Waswahili hawajui kutofautisha kaka na dada? Neno letu mkono laanza begani na kuishia kwenye ncha za vidole. Nani atasema kwamba hatujui kiganja kilipo? Lugha hugawa mambo kwa kadiri ya haja yake, na lisilogawanywa kwa neno moja hugawanywa kwa maneno mawili. Anayesema kwamba watu fulani "hawana neno la" jambo hili au lile, mara nyingi ametaja tu mpaka wa kamusi yake mwenyewe.

Inafaa hapa kukumbuka kisa kingine cha kuchekesha, kilichoandikwa mwaka 1969 na Richard Lee, mtafiti aliyekaa na jamii hiyohiyo upande wa Botswana. Wakati wa Krismasi aliwanunulia ng'ombe mkubwa aliyenona. Mmoja baada ya mwingine walimjia na kumsikitikia: ng'ombe gani huyu, mifupa mitupu, tutalala na njaa. Alihangaika siku nyingi. Ng'ombe alipochinjwa na mafuta yakaonekana, watu wakacheka mpaka wakaanguka. Baadaye wakamweleza kwamba ndivyo wanavyomfanyia kila mwindaji hodari: huitukana nyama yake ili moyo wake usivimbe kwa kiburi. Katika kisa hiki pia kuna kutoelewana, kicheko na wageni wawili wasiosomana. Lakini anayechekwa ni msomi, na wanaofafanua ni wenye lugha, kwa maneno yao wenyewe. Kinyume na watu wa msimulizi, wasiojua ugomvi wala kiburi, hawa wanakijua kiburi vizuri hata wametunga utani wa kukizuia.

7. M'pudi mahakamani

Isidhaniwe kwamba filamu haina mfano wa ukalimani mwema. Inao, na ni M'pudi, msaidizi na fundi wa Steyn, anayeigizwa na Michael Thys. M'pudi si wa jamii ya Xi. Aliijua lugha yao kwa sababu aliwahi kuishi kwao. Elimu yake ameilipia kwa maisha. Anapoitwa mahakamani kumfasiria Xi, tunaona kazi ya mkalimani katika ugumu wake wote. Mahakama inataka jibu la ndiyo au la kwa swali la hatia. Mshtakiwa hafahamu swali limetoka wapi wala linataka nini. M'pudi anasimama katikati, na badala ya kubuni jibu litakalowaridhisha wakubwa, anaeleza kwamba swali lenyewe halivuki kama lilivyo.

Msomaji ataona kwamba M'pudi naye anakaribia hoja ile ya neno lisilokuwapo. Lakini hali yake ni tofauti na ya msimulizi kwa mambo matatu. Kwanza, tunamwona, ana uso, ana historia, na tunajua alivyojifunza anachokijua. Pili, anasema mbele ya Xi mwenyewe, naye anaweza kumgeukia na kumwuliza tena. Tatu, anawajibika: hukumu inapotolewa hairidhiki nafsi yake, na ni yeye pamoja na Steyn wanaotafuta njia ya kumtoa Xi gerezani kabla hajaharibika. Mkalimani aliyeshindwa kuyavusha maneno anamvusha mtu. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sehemu yenye heshima kubwa kuliko zote katika filamu, na ajabu ni kwamba imewekwa katika kazi ileile ambayo msimulizi asiye na uso anaipinga kila dakika.

Suala hili si la Kalahari peke yake. Katika Kongo, Kifaransa ndicho lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba ni lugha za taifa. Kifungu cha 18 cha Katiba ya mwaka 2006 kinaagiza kwamba aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake, katika lugha anayoielewa. Agizo hilo linamhitaji M'pudi katika kila kituo na kila mahakama: mtu anayeijua lugha kwa kuiishi, na mwenye ujasiri wa kusema "swali hili halijafika" pale linapokuwa halijafika. Anayetikisa kichwa kwa kuwa amechoka anaweza kuandikwa kuwa amekubali. Anayekaa kimya kwa heshima anaweza kuandikwa kuwa hana la kusema. Mtu hucheka anapoyaona hayo katika sinema. Mbele ya karani wa mahakama hayachekeshi.

8. Kilichoachwa nje ya picha

Wakati Uys alipokuwa akipiga picha zake, jamaa wa N!xau hawakuwa wakiishi mbali na dunia. Wengi wao walikuwa wamekusanyika Tsumkwe, katika eneo ambalo serikali ya Afrika Kusini, iliyokuwa ikitawala Namibia, ilikuwa imeliita Bushmanland. Sehemu kubwa ya ardhi yao ya zamani ilikuwa imechukuliwa. Walikula posho, walisumbuliwa na kifua kikuu, na mwishoni mwa miaka ya 1970 jeshi la Afrika Kusini lilikuwa likiwaandikisha vijana wao katika vita dhidi ya wapigania uhuru. Tunayajua hayo kwa njia ya sinema nyingine. John Marshall, aliyekuwa akiwapiga picha watu hawa tangu miaka ya 1950, alitoa mwaka uleule wa 1980 filamu iitwayo N!ai, the Story of a !Kung Woman. Ndani yake mna hata sehemu inayoonyesha kikundi cha Uys kikifanya kazi Tsumkwe: watu wanaongozwa jinsi ya kuigiza, ili wawe wale ambao msimulizi atasema ni wao.

Katika filamu ya Marshall, N!ai anasimulia maisha yake mwenyewe, kwa lugha yake, na maneno yake yanafasiriwa akiwa mbele yetu. Analalamika, anatania, anaimba, anawagombeza majirani. Tunaposikia sauti yake ndipo tunapotambua ni kitu gani kilichonyamazishwa katika ile nyingine. Haitoshi kusema kwamba Uys alitaka kuchekesha na Marshall alitaka kufundisha. N!ai anachekesha vilevile, na pengine zaidi. Ila kicheko chake ni mali yake.

Historia imeendelea tangu wakati huo. Namibia ilipata uhuru mwaka 1990. Kamusi ya lugha ya Ju/'hoan iliyotayarishwa na Patrick Dickens ilichapishwa mwaka 1994, na lugha hiyo ikaingia katika shule ndogo za vijiji vya Nyae Nyae, ambamo watoto walianza kujifunza kusoma kwa lugha ya mama. N!xau, aliyerudi kwao baada ya umaarufu wake, alifariki mwaka 2003. Lugha ambayo masikio ya dunia yaliisikia kama milio ina herufi, kamusi na wasomaji.

9. Tamati

Tumeona kwamba The Gods Must Be Crazy ni filamu yenye maarifa halisi juu ya mawasiliano bila maneno. Inajua kwamba kitu kinaweza kusomwa kama ujumbe hata kisipotumwa. Kwamba lugha moja haitoshi kuwaunganisha wawili ambao miili yao inapingana na ndimi zao. Na kwamba mkalimani mwaminifu ni yule anayekiri mahali maneno yalipokwama. Kwa hayo inastahili kutazamwa na kufundishwa. Lakini imemweka mtu wake mkuu katika kimya ambacho si chake. Xi hakuwa bubu. Alisema filamu nzima, na filamu nzima ikasema juu yake.

Tungependa kuwapendekezea walimu zoezi moja. Sehemu ya mwanzo ya filamu ionyeshwe mara mbili: mara ya kwanza bila sauti, na wanafunzi waandike kwa Kiswahili wanachokiona katika nyuso, mikono na miendo ya watu wale, mara ya pili pamoja na sauti, na waandike walichoambiwa. Kisha karatasi mbili ziwekwe pamoja. Kila mahali zinapotofautiana, mwanafunzi ajiulize amemwamini nani, na kwa ushahidi gani. Wahenga wamesema asiyejua maana haambiwi maana. Zoezi hili litamfundisha mwanafunzi kumwuliza pia anayedai kuijua maana ya mwenziwe: aliipata kwa nani, na je, mwenziwe aliwahi kuulizwa?